Nilivyoirekodi Chuma Chakavu

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kurekodi chochote. Mkuu wa Mitambo, mzee mfupi aliyevaa kaunda suti ya kijivu kila siku iendayo kwa Mungu, alinipa kitambaa cha pamba, kijiti na chupa ya spiriti, akanionyesha mashine iliyofunguliwa kifuniko.

"Binti, hivi vitatu ni vichwa," aliniambia. "Hiki kinafuta, hiki kinaandika, hiki kinasoma. Kichwa kikiwa kichafu, hata akiimba malaika wewe utasikia paka. Safisha."

Nikasafisha. Nilipomaliza alivaa miwani, akainama, akakipitisha kitambaa chake mwenyewe juu ya kichwa cha kusomea, akakitazama.

"Rudia," akasema.

Nilitoka Kilwa Kivinje kwenda shule ya ufundi nikijua kwamba nitakuja kutengeneza redio. Nilijua kuunga waya na kusoma michoro ya mitambo. Kampuni ile ya santuri ya Dar es Salaam iliponichukua, nilidhani nimeajiriwa kwa ujuzi huo. Mkuu wa Mitambo alinifundisha kwamba ujuzi wa waya ni nusu tu. Nusu ya pili ni kukaa kimya na kusikiliza, na hiyo haikuwa na cheti. Alikuwa akinifumbisha macho, anaangusha sarafu mezani, ananiuliza imeangukia upande gani, juu ya mbao au juu ya karatasi. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kitoto. Baadaye nilianza kuyasikia mambo ambayo zamani yalinipita: feni inayogusa waya wake, mwimbaji anayevuta pumzi kwa pua, kiti kinacholia chini ya mpiga zeze.

Siku hizo tulirekodi kwa tepu, yaani utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Sauti inaandikwa kwenye ule unga. Mbele yako kuna mita yenye sindano. Sauti ikipanda, sindano inapanda; ikiingia kwenye sehemu nyekundu, sauti inapasuka, na kilichopasuka hakishoneki. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kazi ilikuwa moja, wala haikuandikwa popote: sindano isiguse nyekundu. Nyimbo tuliziunganisha kwa wembe na gundi ya utepe. Ukikata vibaya, umemkata mtu neno mdomoni.

Nilipokwisha kuaminiwa, nilipangiwa gari la kurekodia. Lilikuwa gari la mizigo lililotiwa rafu, mashine mbili, meza ya kuchanganyia sauti na jenereta ya kuvuta nyuma. Bosi wetu humo alikuwa Mkuu wa Msafara, mtu mrefu mkimya aliyewahi kupiga tarumbeta, ambaye meno ya mbele yalipomtoka tarumbeta nayo ikaishia hapo. Tulipewa mikoa ya kusini. Kazi ilikuwa kukusanya nyimbo ambazo kampuni ingeweza kuzitoa kwenye santuri: ngoma, kasida, taarabu, bendi za dansi. Barabara ilikuwa ile mnayoisikia kwa wazee wenu. Mvua ikinyesha, Nangurukuru unafika leo na Lindi unaitafuta kwa dua. Kule Kipatimu tulikwenda kurekodi kwaya ya misheni, gari likateleza mtaroni, na wanakwaya wakashuka mlimani kulisukuma huku wakiimba. Mkuu wa Msafara alisema ule wimbo wa kusukumia gari ndio uliokuwa bora kuliko yote tuliyorekodi kanisani, na mashine ilikuwa imezimwa.

Lindi ndiko nilikoikuta Chuma Chakavu.

Walikuwa watu watatu, wote mafundi wa karakana ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Athumani alipiga gitaa. Mdogo wake, Yusufu, aliimba na kupiga gitaa zito la besi. Hawa wawili walikuwa wenyeji wa Kinjumbi, kijiji cha upande wa Kilwa. Wa tatu alikuwa Petro, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu kutafuta kibarua; yeye alipiga ngoma, na kati ya ngoma zake mbili za kununua alikuwa ameweka ngoma ya breki ya lori, ambayo ukiigonga inalia kama kengele iliyokasirika. Dereva mmoja aliyekuwa akipeleka mizigo Zambia aliwaletea santuri za vijana wa kule wanaopiga roki. Walizisikiliza mpaka zikakwaruzika, kisha wakaanza kutunga za kwao, kwa Kiswahili, kuhusu mambo wanayoyajua: grisi, msimamizi, mabasi, mshahara unaochelewa, wasichana wa Mitwero.

Amplifaya ya Athumani alikuwa ameiunda mwenyewe kutokana na mabaki ya gari la sinema. Spika yake ilikuwa imechanika, akaiziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akigusa waya mmoja tu wa gitaa, kile kiraka kilikuwa kinatetemeka, na sauti iliyotoka ilinguruma kama lori linalopanda kilima likiwa na mzigo. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Sindano zangu nazo hazikuwahi. Zote zililala kwenye nyekundu.

"Punguza," alisema Mkuu wa Msafara.

Nikapunguza. Wakapiga wimbo mzima, nikaurudisha nyuma, nikawaita garini waje wasikilize. Athumani alivaa hedifoni, akasikiliza huku ameinamisha kichwa, akazivua.

"Dada Fundi, huyu anayepiga gitaa humu ndani ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi sipigi hivi. Huyu kaoga."

Yusufu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya gari. Mimi sikucheka, kwa sababu alisema kweli. Ule mngurumo ulikuwa umeondoka, imebaki sauti safi ya mtu yeyote. Nilishuka nikaingia karakana, nikasimama sehemu mbalimbali wakati wanapiga. Mbele ya spika ilikuwa fujo tupu. Mlangoni, mbali kabisa, mngurumo ulikuwepo wote lakini ulikuwa umeshapoa; kuta za karakana na bati lake viliubeba. Maikrofoni ikiwa karibu sana na spika ni kama mtu anayepigiwa kelele sikioni, hasikii neno. Nikaihamishia mlangoni, nikaifunga kwenye fito kwa kamba ya katani.

Tuliporudia, sindano ilipanda, ikasimama chini kidogo ya nyekundu, ikatetemeka pale pale. Mkuu wa Msafara aliitazama muda mrefu.

"Haijagusa," nikasema.

"Naona. Basi mimi sina neno. Meneja wa Mauzo ndiye atakayekuwa nalo."

Alikuwa nalo. Tulirudi Dar es Salaam na tepu za kutosha, Meneja wa Mauzo akasikiliza nyimbo mbili, akauliza kama kuna mtu ameacha injini inawaka ndani ya wimbo. Alikubali kutoa santuri moja ndogo, kwa sharti zile sauti kali zikatwe. Nilitumwa kufanya hivyo, nikafanya. Santuri ilitoka, ikauzwa kidogo kusini, ikaisha. Nyimbo nyingine zote zilibaki rafuni.

Bendi yenyewe haikudumu. Yusufu alihamia Mtwara kufanya kazi bandarini, na huko alishikwa na homa, akafariki kabla kaka yake hajafika. Nilipata habari kwa Petro, tulipokutana Lindi msafara mwingine. Aliniambia wamemzika Mtwara. Niliuliza kuhusu muziki, akanijibu, "Muziki gani tena, dada?"

Kampuni ilipokaribia kufungwa, mtunza ghala alitangaza kwamba tepu zisizo na kazi zitatupwa na mwenye zake achukue. Nilizifunga zile za Chuma Chakavu kwenye boksi, nikampa kondakta wa basi la kusini, nikampelekea Athumani salamu akazipokee Nangurukuru. Kondakta yule alikuwa mwaminifu. Zilifika.

Mimi nikaendelea. Nilifanya kazi chuoni nikifundisha vijana kukata tepu kwa wembe, mpaka wembe ukapitwa na wakati na vijana wakanifundisha mimi kukata kwa kompyuta. Mkuu wa Idara wa pale, mama mmoja mkali kutoka Bukoba, hakupenda nikisema "zamani". Aliniambia, "Bi Mwanaidi, zamani haitufungulii mafaili." Alikuwa na haki yake. Nikamalizia kwenye kituo kidogo cha redio Lindi, nikiwa Fundi Mkuu, cheo ambacho kwa kweli kilimaanisha kuwasha jenereta umeme ukikatika. Nilipostaafu nilirudi Kilwa, nikajenga nyumba kule Masoko, nikapanda mihogo na michungwa.

Huko ndiko alikonikuta Rehema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, ana studio yake Dar es Salaam, asili yake Lindi. Alibisha hodi asubuhi, akasema shikamoo mama, nikamwitikia marahaba na kumkaribisha mkekani. Alitoa simu akanionyesha picha ya ile santuri yetu ndogo.

"Mama, watu wanaitafuta Chuma Chakavu dunia nzima."

"Kwa kosa gani?"

Akacheka. Alinieleza kwamba ile santuri moja ilipita mkono kwa mkono, ikafika Ulaya, mtu akaiweka kwenye mtandao, na sasa kuna watu huko, hata vijana wa Dar, wanaivaa bendi ile kwenye fulana bila kujua walikuwa akina nani. Alitaka kutoa rekodi zote kwa pamoja: santuri sita kubwa ndani ya sanduku moja gumu, na kitabu cha maelezo na picha. Alikuwa na wenzake wa nje wenye mashine ya kuchapa santuri. Kilichokosekana ni tepu, na ruhusa ya wenyewe.

Tulikwenda Kinjumbi pamoja. Athumani alitupokea uani, mzee mnene mwenye kofia ya kushona kwa mkono, akanishika mikono yote miwili na kuita "Dada Fundi!" kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Nilimjulia hali, akatabasamu tu. Mkewe, Bi Somoe, ndiye aliyenigeukia.

"Hasikii, dada. Sasa ni miaka. Korona imemmaliza."

Korona, kwa vijana wasiojua, ni ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge. Ilikuwa na jina hilo kabla ugonjwa haujazaliwa. Bendi ilipokufa Athumani alihamishwa kutoka karakana akapewa kuisimamia korona, na aliisimamia mpaka shamba likapunguza watu. Kelele yake ilimla masikio kidogo kidogo, kama mchwa. Sasa alikuwa akisoma midomo, na si ya kila mtu. Alisoma ya mkewe tu. Ukitaka kumwambia kitu unamwambia Bi Somoe, naye anamkabili na kuyasema maneno yale yale, taratibu, bila kupaza sauti.

Rehema alieleza habari ya sanduku. Bi Somoe alifikisha. Athumani alifikiri.

"Tepu ninazo," alisema. "Nimezitunza kwenye debe, na mkaa wa kunyonya unyevu. Lakini mimi siwezi kuruhusu kitu nisichokisikia. Fundi asikilize badala yangu. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, binti yangu, usikasirike."

Rehema alisema hatakasirika. Mimi nilikubali haraka, nikiwa na hakika kwamba najua ninachotakiwa kukilinda.

Mkaa ulikuwa umesaidia, ila haukutosha. Ile gundi inayoshika unga wa chuma, ikikaa na joto la pwani, hunyonya maji na kuwa kama asali. Ukiipiga tepu ya namna hiyo inalia kwenye mashine, na unga wote wenye sauti unabaki kwenye kichwa. Unaiua unapoisikiliza. Dawa yake ni joto dogo, kavu, la muda mrefu, yaani kuzioka. Baada ya hapo unapata siku chache za kunakili kabla unyevu haujarudi. Rehema alijua dawa hiyo, nami niliijua, lakini hatukuwa na tanuri. Mwenye tanuri alikuwa Petro.

Petro alikuwa ameacha ngoma zamani, ana kikundi cha kubangua korosho pale Lindi, na kikundi kina kikaushio cha umeme chenye trei na feni. Korosho iliyobanguliwa hukaushwa humo ili ganda lake jembamba lichambuke. Tulipomweleza shida yetu alituangalia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mnataka kuoka nyimbo."

"Kwa moto mdogo kuliko wa korosho," alisema Rehema.

"Zikiungua?"

"Basi, hazipo tena."

Petro aliwaambia akina mama wa kikundi wapumzike siku hiyo. Tulijaribu kwanza na tepu tupu niliyokuwa nayo nyumbani, kisha tukapanga zile za kweli kwenye trei, zimelala kifudifudi kama chapati. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kipimajoto na kila kilipopanda nilifungua mlango kidogo. Petro alipita mara kwa mara akinusa. Zilipopoa, Rehema aliweka ya kwanza kwenye mashine aliyokuja nayo, akabonyeza, na karakana ile ikafunguka mbele yetu: bati, ngoma ya breki, na gitaa likinguruma toka mlangoni. Petro alikaa chini kwenye gunia. Alijisikiliza akiwa kijana, mguu wake mmoja ukigonga sakafu, ukikosea pale pale alipokosea zamani.

Tulinakili kila kitu. Kwenye tepu ya mwisho nilimwambia Rehema aiache, kwa sababu niliandika juu yake mwenyewe kwamba imeharibika. Fyuzi ya amplifaya ilikatika katikati ya wimbo. Rehema akasema, "Mama, tunanakili zote, hata kikohozi." Nikamwacha.

Ugomvi wetu ulikuja baadaye, alipokuwa amerudi Dar es Salaam. Alinitumia wimbo wa kwanza ukiwa umesafishwa. Niliusikiliza kwa hedifoni nzuri aliyoniachia, nikampigia.

"Umemuogesha," nikasema.

"Nani, mama?"

"Gitaa. Mngurumo umeuondoa."

"Nimeondoa mtetemo wa jenereta. Na spika ilikuwa imechanika, mama, mnunuzi atadhani santuri ni mbovu."

Tulibishana siku kadhaa, kwa heshima, lakini tulibishana. Kuhusu jenereta alikuwa sahihi. Mimi niliizoea kiasi cha kutoisikia, na ilipoondoka nilimsikia Yusufu akihesabu kabla ya kuanza, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kuhusu gitaa sikulegea. Mwishowe alirudisha mngurumo wote, akasema anaelewa. Nadhani alielewa kweli, kwa sababu alinitumia wimbo ule tena jioni yake bila kuniambia neno, na ulikuwa ndio wenyewe.

Nikaenda Kinjumbi nikiwa nimejaa furaha kumpelekea Athumani taarifa. Tulikaa uani, Bi Somoe akichambua mchele. Nilimweleza kila wimbo ulivyotoka: gitaa limesimama vipi, kiraka cha tyubu kinasikika wapi. Bi Somoe alifikisha yote. Athumani alitikisa kichwa kwa adabu, halafu akauliza, "Na Yusufu?"

"Yusufu yupo."

"Anasikika?"

Nilianza kujibu nikasita. Alisikika, ndiyo, jinsi mtu anavyosikika akiongea jirani na mashine ya kusaga. Nikamwambia Bi Somoe amwambie ukweli huo.

Athumani alisoma midomo ya mkewe, akatazama chini.

"Nataka gitaa lishushwe," akasema.

Sikuamini. "Mwambie gitaa hilo ndilo linalowafanya watu waitafute bendi. Mwambie nimelipigania tangu ujana wangu."

Bi Somoe aliacha ungo, akamweleza. Athumani alinijibu mimi moja kwa moja, kwa sauti yake kubwa.

"Najua, Dada Fundi, na ahsante. Gitaa lilipata wa kulipigania. Mtoto wa mama yangu hakumpata. Alikuwa ananiambia, kaka, shusha kidogo, na mimi napandisha. Siku anaondoka kwenda Mtwara aliniambia, humu kwenye bendi mimi ni mpita njia tu. Nilidhani anatania. Sasa nikikaa nikizikumbuka nyimbo zile, nasikia gitaa. Sauti yake imenipotea. Mimi sitaipata tena, masikio ndiyo haya. Lakini wengine wamsikie."

Bi Somoe aliurudia ungo wake. Nilipanda bodaboda mpaka Nangurukuru, nikangoja gari la Masoko pale kwenye vibanda vya chipsi, na chai niliyoagiza ikapoa mbele yangu.

Kushusha gitaa hakukuwezekana. Siku zile tulichanganya maikrofoni zote papo hapo, zikaandikwa pamoja; ukishusha kimoja umeshusha vyote. Nilimweleza Rehema. Alisema siku hizi kuna programu za kutenganisha sauti na ala, akajaribu. Yusufu alitoka kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Tulikubaliana kuwa huyo si Yusufu.

Ni Rehema aliyenikumbusha. "Mama, na ile uliyoniambia niiache?"

Aliituma. Niliisikiliza nikiwa jikoni, mlango umefungwa. Wimbo unaanza kama kawaida, gitaa limejaa kila mahali. Mara fyuzi inakatika na gitaa linazimika. Besi nayo inazimika, kwa sababu ilichomekwa kwenye amplifaya hiyo hiyo. Unamsikia Petro akisita. Lakini Yusufu hakuacha. Pengine alikuwa amefumba macho. Aliendelea kuimba, sauti nyembamba yenye ukavu kidogo kwenye kona, na Petro akamfuata na ngoma polepole, mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo wao wa basi:

Nimeshuka Nangurukuru, mzigo wangu umepita,
Nipokeeni mzigo, mimi nitakuja kwa miguu.

Kwa kipimo cha Mkuu wa Mitambo ile ni rekodi mbovu. Kuna mlio wa fyuzi, kuna mtu anakohoa, kuna spana inaanguka. Kuandika juu yake kwamba imeharibika kulikuwa sahihi, na leo ningeandika hivyo hivyo. Nilirudi Kinjumbi nikamweleza Athumani yote, bila kuficha kasoro hata moja. Mwisho nikamwambia Bi Somoe, "Mwambie kuanzia katikati yeye na gitaa lake hawamo kabisa."

Athumani alisoma. "Vizuri," akasema. "Iwekeni."

Kazi hii nimeifanya tangu usichana hadi nywele zikawa nyeupe, na nikiulizwa na vijana ni nini nilichojifunza, huwa nawaambia mambo ya vichwa, sindano na wembe, kwa sababu hayo yanafundishika. La ziada ninaloweza kusema ni kwamba fundi anasikiliza sauti, na mwenye ndugu yake humo anasikiliza mtu. Mara nyingi mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na siku yasipokwenda pamoja inabidi uulize. Mimi niliulizwa kwanza habari za Yusufu, ndipo nikajua kuuliza.

Sanduku lilitoka. Ni zito, jekundu la kutu, na ndani ya kitabu kuna picha ya karakana ambayo Petro alikuwa ameihifadhi nyuma ya picha ya harusi yake. Rehema alilileta Kinjumbi mwenyewe pamoja na mashine ya kupigia santuri. Petro alikuja na mkewe kutoka Lindi. Majirani walijaa uani. Tulipiga nyimbo za gitaa kwanza, na watu walicheka na kuziba masikio, wengine wakacheza. Athumani aliketi kwenye kiti chake akitazama nyuso za watu, na nadhani alizisoma vya kutosha.

Kisha Rehema akaweka ule wimbo. Gitaa lilipozimika uani pakatulia, mtu mmoja akauliza kama umeme umekatika. Yusufu akaingia. Athumani aliona tumenyamaza, akamgeukia mkewe kujua kuna nini.

Bi Somoe alivuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe, magoti kwa magoti. Alikuwa akihudhuria madansi ya bendi yao usichanani mwake. Maneno aliyajua yote, sisi hatukujua kwamba anayajua. Akaanza kuyaimba pamoja na Yusufu, akifungua mdomo vizuri kila neno, macho yake kwenye macho ya mumewe. Nimeshuka Nangurukuru. Athumani alimtazama mdomoni bila kupepesa. Walipofika kwenye kuja kwa miguu, aliinua mkono kumsimamisha.

"Polepole hapo," alisema. "Yusufu hapo alikuwa hana haraka."

Bi Somoe akarudi nyuma, akauanza ule ubeti upya, taratibu, jinsi alivyoambiwa. Santuri ilikuwa imeshawapita, inaendelea mbele peke yake. Hakuna aliyeifuata.